Freni za motokari yetu



Watu wakitaka kusifu motokari husifu mambo mawili: nguvu zake za kupanda na mbio zake. Ni nani aliyesifu motokari kwa kusimama kwake? Sisi pia tulikuwa hivyo. Kila tulipotazama motokari ya misioni yetu tulisema: Inapanda kama mbuzi. Hatukusema hata mara moja: Inasimama vizuri. Basi, ikaja siku iliyokataa kusimama.

Siku ile tulikuwa tunashuka materemko ya Ngomo, katika njia itokayo Bukavu na Nyangezi kwenda Kamanyola na bonde la Ruzizi, hata Uvira. Wanaoijua njia ile hawana haja ya kuelezwa: huku ukuta wa mlima, huku shimo, na katikati makamyo yanayopishana kwa shida. Tulikuwa watu kumi na mmoja, karibu wote waimbaji, pamoja na magunia mawili ya viazi. Shofere wetu, mzee katika kazi yake, alikuwa akikanyaga freni (ngambo ya ziwa wanasema breki) kidogo kidogo, muda mrefu, bila kuachilia. Tukasikia harufu kama ya nguo inayoungua. Mmoja wetu akacheka, akasema: «Kuna mama aliyesahau chungu motoni.» Kufika kona ya tatu, pedali ikashuka hata chini, laini, kama mguu unaoingia katika matope. Motokari haikusimama.

Hatusahau uso wa shofere. Hakupiga kelele. Alitia vitesi ya pili, kisha ya kwanza, mashini ikalia sana, naye akaegemeza ubavu wa motokari kwenye ukuta wa mlima. Chuma kikasaga mawe, kisha kimya. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alishuka, akakaa kando ya njia, akatutazama, akauliza: «Mlijua?»

Hatukumjibu. Kwani miezi mitatu mbele ya siku ile, sisi wenyewe tulitumwa mjini kununua plaketi za freni. Tulichagua zile za bei ndogo kuliko zote, tukarudi na feza iliyobaki, na mbele ya watu tukasifiwa kwa kutunza mali ya wote. Tena fundi alikuwa ametuambia tubadilishe na mafuta ya freni, nasi tulimwambia: Mwaka ujao.

Freni ni nini? Yafaa tueleze wazi, kwani wengi wanaopanda motokari hawajui. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna diski, ndiyo sahani nene ya chuma, inayozunguka pamoja na gurudumu. Pande mbili za diski kuna plaketi mbili, na kitu kama taya la chuma kinachozishika. Shofere akikanyaga pedali, mafuta ya freni yanasukumwa katika vijiti na mipira myembamba, taya linabana, plaketi zinasugua diski, motokari inapunguza mwendo. Katika motokari yetu magurudumu ya nyuma hayana diski bali ngoma, lakini kazi kubwa ni ya mbele, kwani motokari inaposimama uzito wote unaelekea mbele, kama vile mtu anayepiga mbio akizuiliwa ghafula.

Na ule mwendo unakwenda wapi? Haupotei. Unageuka kuwa moto. Shika mikono yako miwili, uisugue kwa nguvu: utaona.

Tuliporudi, halmashauri ya misioni ilikutana. Palikuwa na feza kidogo, iliyowekwa kwa mabati ya nyumba ya shule. Sisi tuliomba feza ile inunue diski na plaketi nzuri. Wazee wakakataa. Mmoja akasema: «Plaketi mlinunua juzi. Tena mbona motokari inakwenda?» Neno lake lilikuwa la haki. Ndipo tulipokumbuka masomo ya fizika ya seminari, yale ambayo tulipokuwa vijana tulisema hayatatufaa kitu. Tukachukua chaki, tukaandika ubaoni.

Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa meta 1,460 hivi. Ziwa Tanganyika liko kwa meta 773 hivi. Tofauti yake karibu meta 687. Motokari yenye watu na mizigo ina uzito wa kilo 3,000 hivi. Uzito huo ukishushwa kutoka ziwa moja hata lingine, nguvu zinazotoka zikigeuzwa zote kuwa moto zinatosha kuchemsha lita 60 za maji yaliyokuwa baridi. Tukaweka mbele yao bidoni tatu za lita 20. Tukasema: Wazee wetu, moto wa kuchemsha bidoni hizi tatu mnautaka wapi? Sehemu itachukuliwa na upepo, na sehemu itachukuliwa na mashini, kama shofere akishuka kwa vitesi ya chini. Lakini shofere anayetegemea freni peke yake anautia karibu wote katika sahani za chuma na plaketi zinazoenea mkononi mwa mtu.

Wakanyamaza, wakizitazama bidoni. Wamama waliokuwa nyuma ndio waliofahamu kwanza, kwani wao ndio wanaojua kuni ngapi zinachemsha bidoni moja. Mama yule wa njiani alikuwako. Hakusema neno. Halmashauri ikakubali, na mabati yakangoja. Twasema kweli, watoto wa shule walinyeshewa katika masika ile. Hatulisahau jambo hilo nalo.

Sasa, ni nini iliyotupata pale Ngomo? Mambo mawili pamoja. La kwanza, plaketi mbaya: zikipata moto mwingi, gundi inayoshika unga wake inaungua, inatoa hewa, na plaketi inateleza juu ya diski. Hapo pedali yaweza kubaki ngumu, lakini motokari haipungui. Ile harufu ndiyo ilikuwa onyo. La pili, mafuta ya zamani. Mafuta ya freni yana tabia ya kunywa maji kutoka katika hewa, polepole, mwaka kwa mwaka. Yale yanayoitwa DOT 4, yakiwa mapya, imepasa yasichemke kabla ya digrii 230. Yakiisha kunywa maji, kipimo chake ni digrii 155 tu. Na diski katika materemko marefu yaweza kupita digrii 300. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa, mafuta hayabanwi. Kwa hiyo pedali ilishuka kama katika matope. Basi mtu asiseme: Freni zilikatika kwa bahati mbaya. Zilichemka, na zilichemka kwa sababu yetu.

Freni za diski si jambo la jana. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1902. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1953 motokari ya Jaguar yenye freni za diski ilishinda mashindano ya saa 24 kule Le Mans, Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën ikaonyesha motokari yake DS yenye diski mbele. Kwa nini diski zilishinda ngoma? Kwa sababu diski iko wazi kwa upepo, inapoa upesi. Ngoma inafungia moto wake ndani.

Mjini muuzaji alituonyesha diski za ginsi tatu: laini, zenye matundu, na zenye mifereji. Zenye matundu zinapendeza macho, na vijana wanazipenda. Lakini fundi wetu akatukataza: katika moto mkali na matope, nyufa huanza pale penye matundu. Zenye mifereji hufagia unga na matope, lakini hula plaketi upesi. Mwishoni tulichukua diski laini, nzito, zenye nafasi ya hewa katikati, na plaketi zilizochanganywa na unga wa chuma, zinazovumilia moto kuliko zile za kwanza. Zinalia kidogo asubuhi. Zilie tu. Tukanunua na mafuta mapya, katika chupa ambayo haijafunguliwa.

Kazi yenyewe fundi aliifanya siku moja, nasi tulimsaidia. Haya ndiyo tuliyojifunza:

Diski na plaketi hubadilishwa kushoto na kuume pamoja, kwani upande mmoja ukishika kuliko mwingine, motokari itavutwa kando. Motokari isiachwe juu ya kriki peke yake. Iwekewe vigingi vya nguvu. Taya lisining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Lifungwe kwa waya. Kutu iliyo mahali pa kukaa diski isuguliwe yote, la sivyo diski itayumba na pedali itatetemeka. Diski mpya imepakwa mafuta ya kuzuia kutu: yapanguswe yote. Grisi ipakwe kwenye vipini ambavyo taya linatembea juu yake, hata kidogo isiguse uso wa plaketi. Na unga mweusi wa freni usipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, bali upanguswe kwa kitambaa chenye maji, kwani plaketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, inayoharibu mapafu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza tangu 2005.

Jambo moja lilitutisha. Kazi ilipokwisha tuliingia, tukakanyaga pedali: ikashuka hata chini! Moyo ukarudi Ngomo. Fundi akacheka. Taya lilikuwa limefunguliwa ili plaketi nene ziingie. Imepasa kukanyaga mara nyingi motokari ikiwa imesimama, mpaka pedali iwe ngumu. Asiyejua hilo huondoka garajini na kugonga ukuta wa kwanza.

Kisha plaketi mpya hufundishwa. Mahali tambarare, tulikwenda kwa mwendo wa kilometa 50, tukapunguza hata 10 bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, tukiacha nafasi katikati. Baadaye tulitembea polepole ili zipoe, bila kubana pedali zikiwa na moto. Hivyo unga wa plaketi unajipaka sawasawa juu ya diski, na vitu viwili vigeni vinazoeana.

Je, sasa twaweza kushuka Ngomo kwa mbio? Hapana. Diski nzuri hazikupunguza meta hata moja ya mlima. Shofere wetu naye alibadili desturi yake: anashuka kwa vitesi ile ambayo angeitumia kupanda, anakanyaga kwa nguvu kisha anaachilia, diski zipumzike. Mwenda pole hajikwai. Na kila anapotoa gurudumu anapima unene wa plaketi. Zikikaribia milimeta tatu, zinatoka. Unene wa mwisho wa diski umepigwa chapa kwenye diski yenyewe, kila mtu aweza kuusoma.

Siku ya kwanza ya kurudi katika njia ile, yule mama alikuja na mtoto wake. Hakupanda. Alisimama mbele ya mlango wa shofere, akasema: «Mzee, kanyaga nione.» Shofere angeweza kukasirika, mtu wa miaka yake. Alikanyaga mara tatu, akamwonyesha pedali inavyosimama juu. Ndipo mama alipopanda.

Tangu siku ile imekuwa desturi kwetu: hakuna apandaye kabla shofere hajakanyaga mbele ya watu. Ninyi nanyi, ndugu, mnaopanda makamyo ya sokoni na pikipiki za vijana, msione haya kuuliza. Na ninyi mnaotumwa mjini kununua, msirudi na feza iliyobaki ili msifiwe. Siku moja mtu atakaa kando ya njia na kuwauliza: Mlijua?