Amana ya Sauti

Hapa Kilwa Masoko tuna duka la ushonaji, mimi na mdogo wangu. Mbele tunashona madera na sare za madrasa. Nyuma kuna chumba kidogo, kuta tumezifunika magodoro, humo tunarekodi kaswida.

Mwaka jana walikuja akina mama watano kutoka Kivinje kurekodi kaswida ya harusi ya binti yao. Sharti lao lilikuwa moja tu: isisikike nje ya shughuli ya wanawake. Tukakubali, tukaliandika kwenye daftari letu la vipimo. Wiki mbili baadaye kijana anayetusaidia akafungua kompyuta, akakuta kazi inaitwa "kaswida mpya 2". Ikampendeza, akamrushia rafiki yake. Siku ya tatu ikawa inapigwa stendi. Daftari lilikuwa dukani, chini ya vitambaa.

Mama mmoja akaja. Hakugomba. Alituuliza tu, "Wanangu, sikuwaambia?" Tukakosa la kujibu.

Usiku ule tukajiuliza, mbona vipimo vya mteja havipotei? Kwa sababu karatasi yake tunaibana kwa pini kwenye kitambaa chenyewe. Kumbe hata wimbo una pahala pa pini!

Sisi tunatumia FL Studio. Ukibonyeza F11 linafunguka dirisha la maelezo ya kazi. Juu kabisa tunaandika sharti la mwenye kazi. Chini yake waimbaji, tarehe, sauti tuliyoichagua na sababu yake, na pesa iliyobaki. Kuna kisanduku pale, ukikitia alama maelezo yanajitokeza kila mtu anapoifungua kazi hiyo. Yanakaa ndani ya faili, ukiihamishia kompyuta nyingine yanakwenda nayo. Ila anayepokea wimbo kwenye simu hayaoni. Kwa hiyo jina la faili nalo linaanza na WANAWAKE TU, na nakala haitoki mpaka tumpigie mwenyewe.

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika madeni. Siku zote tulidhani deni ni pesa. Sauti ya mtu aliyekuamini nayo ni deni.

Tulikwenda Kivinje kuomba radhi. Walitusamehe, wakatupikia na chai. Kurekodi kwetu bado hawajarudi, na hatuwalaumu.

Dada, nawe una amana gani uliyoiandika mbali na mahali pake? Allah atujaalie tuwe waaminifu. Amin.