Haukuwa Mtandao

Naishi kwa kazi ya kuchapa na kuskani hapa Musoma, jirani na barabara ya Mukendo. Msimu wangu mkubwa ni ule wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Watoto waliomaliza kidato cha sita wanakuja na wazazi wao kutoka Bweri, Nyakato na Makoko, na wengine wanatoka Butiama na vijiji vya njia ya Kiabakari. Kazi ya mwombaji mmoja ni ndefu. Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, fomu inajazwa na kuchapwa, inapelekwa kwa viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili, kisha kurasa zilizosainiwa zinarudi kwangu niziskani na kuzipandisha. Mtu akikwama hapo, anayeumia ni mtoto aliyekwisha kufaulu.

Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ndogo, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Core i3-3220, yenye viini viwili. Wakati ule nisingeweza kukutajia hata jina hilo. Nilijua kuwasha na kuzima, basi. Niliamini kasha lile halifunguliwi na mtu kama mimi, na kwamba kompyuta ikichoka dawa yake ni kununua nyingine.

Foleni ilipokuwa kubwa, nilifungua fomu ya huyu, picha ya pasipoti ya yule na skani ya wa tatu, na mashine ikagoma. Mshale ulisimama, feni ikavuma. Nikazoea kusema, "Mtandao unasumbua." Nilisema hivyo kwa watu wazima na kwa watoto, huku najua kwamba mtandao upo. Niliona aibu kukiri kwamba chombo changu ndicho kimeshindwa, nikaogopa watahamia duka la pili. Wengi walirudi makwao na karatasi zao mkononi kwa sababu ya neno hilo.

Mmoja wao alikuwa baba wa Butiama. Alikaa kwenye benchi langu na binti yake tangu asubuhi. Alasiri nikamwambia mtandao umekataa, warudi siku nyingine. Akainuka, akakunja bahasha yake, akasema, "Pole sana mama. Kazi yako ni ngumu." Nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili ilikuwa imeteketea, naye ananipa pole mimi. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo niliomba mkopo kwenye kikoba chetu ili ninunue kompyuta mpya. Nilikuwa bado nadaiwa wa nyuma, na ada ya mtoto inakuja. Sikuona njia nyingine.

Yule baba aliporudi alinikuta nimeinama, nimeshikilia kitufe naizima mashine kwa nguvu. Binti yake alikuwa anatazama fomu ile ile kwenye simu, inafunguka bila tabu. Nadhani mzee alielewa yote pale pale. Hakuniuliza. Alisema dada yake ana kijana fundi wa kompyuta Bunda, akampigia kwa salio lake mwenyewe, akanipa simu niongee. Mpaka leo nikikumbuka nasema ni Mungu tu, kwa maana sikustahili hata aniamkie.

Nililifunga kasha kwa kitenge, nikapanda basi la Bunda. Kijana akanipokea, "Shikamoo mama," akaliweka mezani. Hakulifungua. Aliiwasha mashine, akaniomba nifanye kazi kama ninavyofanya dukani, naye akafungua ule ukurasa unaoonyesha mashine inatumia nini. Prosesa ilikuwa imefika asilimia 100. Diski, ambayo ni SSD, ilikuwa imetulia, na ram ilibaki ya kutosha. "Mama, imezidiwa hapa tu," akasema. "Ingekuwa diski ndiyo inalemewa, prosesa mpya isingekusaidia kitu, na mimi nisingechukua hela yako."

Sitasahau jinsi alivyonieleza taratibu. Mashine kama hizi, zinazotoka kiwandani zikiwa kamili, zina mazabodi na pawasaplai za umbo lake lenyewe, ndiyo maana watu hudhani hazibadilishwi kitu. Lakini soketi ya prosesa ni ile ya kawaida ya Intel, inayoitwa LGA 1155. Akanionya nisisikilize mtu anayesema i5 ni i5. Kwa prosesa hizi za tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i3-3220 ni kizazi cha tatu, na i5-4570 ni cha nne, inayotaka soketi ya 1150, kwangu haikai hata ikilazimishwa. Umeme nao una hesabu yake. Prosesa yangu imepimwa wati 55, na aliyotaka kunipa, i5-3470 yenye viini vinne, ni wati 77. Pawasaplai yangu ya wati 240 inaibeba. Kuna 7010 ndogo zaidi ya hii, isiyopokea prosesa ya zaidi ya wati 65, kwa hiyo jina la mashine peke yake halitoshi.

Prosesa hiyo aliitoa kwenye mashine ambayo mazabodi yake iliungua. Alinitajia bei ndogo, akasema, "Utalipa msimu ukichanganya." Kisha akanipa bisibisi. Nilitaka afanye yeye. Alikataa, akasimama pembeni.

Tulichomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe ili umeme uliobaki uishe, nikashika chuma cha kasha. Nililegeza skrubu nne za kipoza joto kwa kupishana, nikafuta kwa spiriti ile dawa kavu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Nikainua wenzo wa soketi, nikatoa prosesa ya zamani. Pini ziko kwenye soketi, nyembamba mno, na moja ikipinda mazabodi inaweza kufa, kwa hiyo mikono ilinitetemeka. Prosesa haisukumwi. Unaangalia pembetatu ya dhahabu pembeni, unaoanisha, unaiweka, inakaa kwa uzito wake. Nikashusha wenzo, nikaweka dawa mpya kiasi cha punje ya mchele, nikafunga kipoza joto.

Tulipowasha, kioo kilibaki cheusi na taa ya kitufe ikawa ya njano. Nikajua nimeua chombo cha kulisha watoto wangu, machozi yakaanza kunitoka. Kijana alichomoa waya tena, akaniambia nitoe ram niirudishe hadi isikike imeshika. Nilikuwa nimeigusa wakati nafungua feni. Tukawasha, nikabonyeza F2, na kwenye kioo pakaandikwa i5-3470. Kule kule Bunda nikampigia mwenyekiti wa kikoba, nikaghairi ule mkopo kabla sijaupokea.

Fomu ya binti wa Butiama ilikuwa ya kwanza kupandishwa. Lakini jambo zito lilikuwa bado. Jumapili moja nilipanda daladala kwenda Butiama, nikamkuta mzee nyumbani kwake, nikamwambia: siku ile haukuwa mtandao, nilikudanganya. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema alijua, na kama angenisema mbele ya wateja ningefunga duka, na watoto wa watu wangepeleka wapi fomu zao? Akamwita mkewe alete uji.

Siku hizi mashine ikichelewa nasema ni mashine. Wapo walioondoka wakaenda duka lingine, na nimekubali. Sitaki pia udhani i5 hii ni ya milele. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha tatu hazimo kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo naweka akiba kidogo kidogo ya mashine nyingine, bila mkopo.

Ile i3-3220 ya zamani ninayo, nzima, kwenye boksi dogo. Kama una OptiPlex 7010 yenye Celeron au Pentium na unahangaika kama nilivyohangaika, pita dukani uichukue bure. Njoo na kasha lenyewe tulipime kwanza, na bisibisi utashika wewe.