Kutafuta ndugu pwani ya Tanga: jina peke yake halitoshi

Watu wa Tanga wana msemo wao wanaomwambia kila mgeni: "Waja leo, waondoka leo." Husemwa kwa mzaha, kwa sababu mgeni aliyefika kwa shughuli ya siku moja aghalabu hujikuta ametimiza mwezi, kisha mwaka, kisha amejenga. Lakini ndani ya mzaha huo imo historia ya mji wenyewe. Huko Ngamiani, Chumbageni na Makorora si rahisi kupata nyumba isiyokuwa na babu au bibi aliyekuja "leo" akasahau kuondoka. Wengine walikuja kwa jahazi, wengine kwa garimoshi, wengine kwa miguu. Na wapo walioletwa kwa nguvu.

Kwa hiyo pwani hii huvuta watu wa namna nyingine pia, nao ni wale wanaotafuta asili zao. Kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Muskati husikia katika tangazo la msiba jina linalofanana na lake, akajiuliza: "Je, hawa si jamaa zetu?" Swali hilo ni la heri, kwani kuuliza si ujinga. Lakini ndugu msomaji, anayefika Tanga akiwa na jina moja tu mkononi amebeba ufunguo asioujua mlango wake.

Jina lisilokaa mahali pamoja

Tuanze na desturi yenyewe. Katika jamaa nyingi za pwani, mtoto hupewa jina lake, kisha hufuata la baba, kisha la babu. Tuseme mzee Juma alizaa wana wawili, Ali na Bakari. Mjukuu wa Ali akaandikwa shuleni Salimu Hamisi Ali. Mjukuu wa Bakari akaandikwa Rashidi Omari Bakari. Vijana hawa wawili ni wa damu moja, lakini katika karatasi hawana hata jina moja la pamoja. Mzee Juma aliyewaunganisha ametoweka, na hali kaburi lake lingali nyuma ya nyumba. Wakati huohuo, katika darasa la pili yupo Salimu Hamisi Ali mwingine asiyehusiana nao kwa lolote. Fomu za leo zinazodai jina la kwanza, la kati na la ukoo zimeliacha tatizo hili palepale, kwa maana jina la babu huandikwa penye nafasi ya ukoo, na kizazi kifuatacho hulibadili.

Yapo majina yanayodumu, lakini nayo yana tabia zake. Diwani, Jumbe, Akida na Mwinyi yalikuwa vyeo katika miji ya Mrima kabla ya kuwa majina ya watu. Kila mji ulikuwa na jumbe wake. Basi watu wawili wanaoitwa Jumbe yamkini babu zao walifanana kazi tu. Al-Harthi, Al-Mazrui na Al-Barwani hutaja kabila za Omani, na kabila ni kubwa kuliko ukoo. Majina yanayoanza na Ba, kama Bawazir, huelekeza Hadhramauti. Kombo, Faki na Makame humkumbusha msikilizaji Pemba na Unguja, ng'ambo ya mkondo wa bahari.

Tukipanda milimani Usambara tunakutana na majina yanayoanza na She, na kwa jirani zao Se, yenye maana ya "baba wa fulani". Shekimweri, kwa mfano, ni baba wa Kimweri. Hapo mtafutaji hufurahi, akidhani amefika kwenye nyumba ya kifalme ya Wakilindi, kizazi cha Mbega yule mwindaji aliyetoka Nguu. Lakini watawala wa Vugha walirudia majina. Alikuwapo Kimweri ye Nyumbai, ambaye amri yake katika karne ya 19 ilifika mpaka miji ya pwani, na baadaye wakawapo akina Kimweri wengine. Isitoshe, watawala hao walioa wake wengi na kuwatawaza wana wao katika vijiji vya nchi nzima. Anayetaka kuelewa mtandao huo na asome Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari kuanzia mwaka 1895. Hata jina la mwandishi huyo ni somo: 'l-Ajjemy humaanisha mtu wa Uajemi, lakini kitabu chake ndicho hazina kubwa ya habari za milima ya Usambara.

Kaskazini, mpaka uliopita katikati ya nyumba

Kutoka mjini Tanga kwenda kaskazini, barabara hupita katika minazi na mikoko ya Mkinga mpaka Horohoro. Karibu na hapo, kwenye mlango wa mto Umba, Waingereza na Wajerumani walianzishia mstari wao wa mpaka mwaka 1886. Wadigo na Wasegeju hawakuulizwa. Vanga ikawa upande mmoja, Jasini na Moa upande mwingine, nao waliokuwa shangazi na mpwa wakageuka kuwa raia wa nchi mbili.

Mtafutaji wa ndugu anapaswa kuwa makini sana hapa, maana Wadigo kwa desturi yao ya kale walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu alimrithi mjomba wake. Jina la baba lililoandikwa katika cheti haliwezi kuisimulia habari hiyo. Watu wawili wa mji wa mama mmoja, mmoja Kenya na mmoja Tanzania, wanaweza kuishi maisha yao yote bila jina linalofanana, ilhali bibi zao walinyonya ziwa moja.

Kusini, makaburi na mashamba

Tukirudi na kushika njia ya Pangani, tunapita Machui. Huko Vibambani alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mgeni wa lugha yetu akilisikia jina Robert huenda akadhani anatajiwa Mkristo au mtu wa Ulaya. Kumbe ni jina la baba wa mshairi Mwislamu, ambaye jamaa yake ilikuwa na asili ya Uyao, na mwenyewe akajiita Mswahili. Kama tungemtafuta kwa jina la ukoo tu, mwandishi wetu mkubwa kuliko wote tungempoteza.

Mbele kidogo, kando ya bahari, yapo magofu ya Tongoni. Wareno wa Vasco da Gama walipita maji haya mwaka 1498, na mwaka uliofuata waliichoma moto hapa karibu jahazi yao iliyoitwa São Rafael, kwa kuwa mabaharia hawakutosha. Karibu na msikiti uliobomoka yamesimama makaburi zaidi ya arobaini ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Wapo watu wa pwani wanaojiita Washirazi na kuyahesabu kuwa ya wazee wao. Lakini mengi hayana maandishi. Waliozikwa walikuwa na heshima kubwa, wakajengewa kwa gharama kubwa, na majina yao hatuna. Hivyo hata jiwe halikuweza kufanya kazi ambayo kinywa cha mjukuu kingeifanya.

Pangani ina mzigo mzito zaidi. Mji huu kwenye mdomo wa mto ulikuwa bandari ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hapa ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi alipoongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Jina lake linajulikana. Majina ya watumwa waliolima miwa katika mashamba ya bonde la mto hayajulikani, kwa sababu mtumwa alipoingia katika nyumba ya bwana alipewa jina jipya. Utumwa ulipofutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, wapo wazao wao waliokuwa wamekwisha kulichukua jina la ukoo wa bwana. Leo watu wawili wenye nisba moja wanaweza kuwa mmoja mjukuu wa mwenye shamba na mwingine mjukuu wa mlimaji wake. Ndiyo maana katika miji hii swali la "asili yako wapi?" likiulizwa kwa pupa huumiza. Mwenye adabu huanza kwa kujieleza yeye mwenyewe, hunyamaza, na husubiri mwenyeji aseme kadiri apendavyo.

Baada ya utumwa ukaja mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Waliofyeka na kukata mkonge huo waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao wako Muheza, Korogwe na Pangani, na baadhi yao hawajui zaidi ya kwamba babu "alitoka bara".

Waliorudi baada ya miaka mia na hamsini

Tuiache bahari sasa, tupande kupitia Muheza na Segera mpaka Handeni, nchi ya Wazigua. Huko ndiko kuna ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo tunalolizungumza.

Katika miaka ya 1830 njaa kali ilipiga nchi hiyo. Simulizi za wazee zasema kwamba Wazigua wengi walishuka pwani kutafuta chakula, wakapandishwa majahazini kwa ahadi ya kazi, wakajikuta wameuzwa katika pwani ya Somalia. Baadaye waliwatoroka mabwana zao. Inasimuliwa kuwa waliongozwa na mwanamke mganga aitwaye Wanakhucha, wakiwa na nia ya kutembea mpaka nyumbani. Walipofika katika misitu ya mto Juba wakakaa, wakalima, wakaitetea nchi yao mpya kwa silaha. Wasomali waliwaita Mushunguli. Wao wenyewe waliendelea kusema Kizigua na kutaja koo za mama zao.

Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, watu hao waliporwa chakula na kuuawa. Walikimbilia Kenya, katika kambi za Dadaab, na baadhi yao wakasonga mbele mpaka Tanga, nchi ambayo hakuna aliye hai miongoni mwao aliyewahi kuiona. Mwaka 2003 walitengewa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Hadi mwaka 2014 zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Wenzao zaidi ya elfu kumi walipelekwa Marekani.

Na tujiulize: kama ukaguzi ungefanywa kwa jina la ukoo tu, nani angewatambua? Kadi zao ziliandikwa majina ya Kiislamu ya baba na babu, kama ilivyo desturi ya Somalia. Kilichowaunganisha na wenyeji wa Handeni ni lugha, ni ukoo wa mama, na ni simulizi ya njaa iliyopokezanwa na vizazi vitano au sita. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Watu hawa walitiwa utumwani kwa nguvu, na asili hawakuiacha.

Namna ya kuuliza

Basi, kwa jamaa inayotaka kuanza kazi hii nyumbani, ushauri ni huu. Kwanza, andikeni majina ya vizazi vinne kwa upande wa baba na vinne kwa upande wa mama, pamoja na majina ya utani na ya vyeo. Pili, ulizeni miiko: ni mnyama gani au chakula gani ambacho ukoo haukula. Tatu, ulizeni mahali babu na bibi walipozikwa, na nani huenda kufagia. Nne, pimeni miaka kwa matukio: kabla au baada ya Wajerumani kuingia, vita vya Tanga vya Novemba 1914, Uhuru wa mwaka 1961. Kisha ndipo mwende kwenye daftari za ubatizo za misheni, kama ile ya Magila iliyoanza katika karne ya 19, au kwenye Nyaraka za Taifa. Jina likiafikiana na mwiko, na mwiko ukaafikiana na kaburi, hapo mnaweza kuanza kuitana ndugu.

Wapo watakaosema kwamba kuchimba koo ni kuchokoza ukabila. Safari hii yaonyesha kinyume. Afuataye nasaba yake kwa uaminifu katika pwani ya Tanga haimchukui muda kumkuta ndani yake Mdigo, Mzigua, Mpemba, Mmanyema na Mshihiri, na pengine bwana na mtumwa katika mti mmoja. Hakuna dawa ya majivuno inayoshinda hiyo. Kadhalika, udugu ni kufaana, si kufanana. Majina yanayofanana bila kufaana ni sauti tu. Na wale wa Chogo walipofika mikono mitupu, walichohitaji kwa wenyeji ni shamba, mbegu na mtu wa kuwaitikia kwa lugha yao.

Hata hivyo muda si mwingi. Wazee wanaokumbuka nyumba za manamba wamebaki wachache, na wanaozijua koo za mama ni wachache zaidi, kwa sababu hakuna fomu inayoziuliza. Likizo ijayo, watoto na wapelekwe kwa bibi wakiwa na daftari na kalamu, na wamwulize kwanza jina la mama yake.