Kitabu Kwanza, Filamu Baadaye



Sisi akina mama wa pwani tuishio Athi River, wengi wetu tukishona nguo katika viwanda vya EPZ, huulizwa swali moja na wanetu kila shule zinapofungwa: je, twaweza kwenda kwa jirani kuitazama filamu ya Aladdin? Wanakusudia ile ya mwaka 2019, ambamo Will Smith ni jini wa taa. Swali ni dogo, lakini limetushughulisha kwa majuma kadhaa, kwa sababu hadithi zenyewe ni zetu pia. Twazipenda, na kasoro zake twazijua.

Hakuna mtoto wa mwambao aliyekua bila ya kusikia Alfu Lela Ulela, ajapokuwa hakujua jina lake. Mombasa na Lamu, bibi zetu walizisimulia baada ya sala ya Isha: mabaharia na jahazi zao, majini waliofungiwa ndani ya chupa, mfalme atokaye usiku kwa nguo za maskini ili ajue hali ya raia. Enzi ya ukoloni zilifasiriwa kwa Kiswahili na kusomwa shuleni, na baadaye Hassan Adam akazifasiri upya kwa vitabu vilivyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Sindbad hakuwa mgeni kwetu, kwani tuliwaona mabaharia wa kweli wakingojea upepo.

Hata hivyo, kitabu hicho kinaanza kwa dhuluma. Mfalme Shahriyari anahiniwa na mkewe, na kwa kosa la mwanamke mmoja anaoa bikira kila usiku na kumwua asubuhi. Mtu ambaye mke huyo anakutwa naye ni mtumwa mweusi. Rangi yake yatajwa kana kwamba ni sehemu ya aibu yenyewe, na tangu hapo, ukurasa baada ya ukurasa, mtu mweusi huja akiwa mtumwa, mlinzi wa mlango au zimwi.

Jumapili moja tulipokuwa tukiwasomea watoto, binti wa miaka tisa aliuliza: "Mbona kila mtu wa rangi yetu humu ni mtumwa?" Kimya kilituingia. Kuruka ukurasa kungekuwa rahisi, lakini mtoto aliyekwisha kuona haonyeshwi upande mwingine.

Tukamwambia yale tuyajuayo. Hadithi hizi zilikusanywa na watu wa miji iliyokuwa na watumwa, nao wakaandika kama mabwana waonavyo. Karibu na Basra, watu walioitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa mwambao wetu huu, walifanyizwa kazi ya kukwangua chumvi juu ya ardhi ya vinamasi. Waliasi mwaka 869, na dola ya Baghdad haikuweza kuwashinda hadi mwaka 883. Tukamkumbusha pia Bilal bin Rabah, mwadhini wa kwanza, na mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika Hija ya kuaga, kwamba mweupe hana ubora juu ya mweusi ila kwa ucha Mungu. Dini ilikwisha kulikataza jambo hili. Wasimulizi ndio waliolirudisha.

Wako miongoni mwetu waliosema kwamba yote haya yaachwe, kitabu na filamu pamoja. Wakataja uchawi, majini watumikishwao kwa taa, na mahaba yasiyo na staha. Hoja yao tuliisikiliza kwa heshima, kwa kuwa ni hoja ya mama anayeogopea wanawe. Lakini sisi hutoka alfajiri kuwahi lango, na siku za ovataimu hurudi usiku. Filamu haingoji ruhusa yetu. Watoto wataiona kwa jirani au kwenye simu ya kaka mkubwa, na watakapoiona hatutakuwapo. La kuamua lilikuwa moja tu: wataiona wakiwa na nini vichwani mwao?

Hapo kazi yetu yenyewe ilitusaidia kufikiri. Katika laini ya cherehani, mshonaji hakati kitambaa. Vipande hutujia vikiwa vimekwisha kukatwa, na mwenye mkasi ndiye aliyekwisha kuamua umbo. Aladdin naye amepita mikasi mingi. Hadithi yake haimo katika maandishi ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela. Mfaransa Antoine Galland, aliyeanza kuchapisha tafsiri yake mwaka 1704, aliisikia jijini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, kijana Mkristo wa Aleppo, Syria. Huko yasemwa kwamba kisa kilitokea Uchina, na mchawi mwovu ni mtu kutoka Afrika.

Hollywood ilipoichukua, mchawi wa Afrika akaondoka na uovu akapewa waziri Jafar. Katika katuni ya mwaka 1992, Aladdin na binti mfalme huzungumza kama vijana wa Marekani, ilhali walinzi na wachuuzi wa soko wamepewa lafudhi nzito za kigeni. Wimbo wa mwanzo ulitaja nchi ambayo watu hukatwa masikio. Waarabu wa Marekani walilalamika, na maneno hayo yakabadilishwa mwaka 1993 katika kanda za kutazamwa nyumbani. Lakini neno la kuiita nchi hiyo ya kishenzi lilibaki mpaka filamu ya 2019 ilipolibadilisha. Tunajifunza hapa mambo mawili: kasoro yaweza kurekebishwa watu wakisema, na mwenye mkasi hurekebisha pale tu alipoambiwa.

Mtu wa pwani yetu alikwisha kuushika mkasi huo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Asili yake ni kisa cha Alfu Lela juu ya Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwaondoa Harun Rashid na Basra, akaweka mfalme Rai na mji wa Janibu. Mbwa wakawa manyani. Na ndugu wakapewa majina ya maradhi yao, Hasidi na Mwivu. Katika kisa cha Kiarabu, ndugu hao husamehewa, wakarudia hiana, na mwisho wao ni kitanzi. Kwa Shaaban Robert, msamaha ndio uliopewa neno la mwisho. Msomaji Mwislamu hapo humkumbuka Nabii Yusuf, aliyetupwa kisimani na nduguze, naye alipopata uwezo juu yao akawasamehe. Hivyo ndivyo kitabu kipendwacho kinavyotengenezwa na mtu akipendaye: haifichi kasoro, bali hukishona upya kwa kipimo cha watu wake.

Basi tumeafikiana hivi. Kila Jumapili baada ya Adhuhuri, mama mmoja asiye na zamu huwasomea watoto, na mwezi huu tunasoma Adili na Nduguze. Tukifika mahali pabaya katika kitabu chochote, tunasimama na kupataja. Filamu wataitazama pamoja nasi, si peke yao, na ikimalizika wataulizwa: nani amepewa wema, nani amepewa ubaya, na kwa nini? Yasiyolingana na dini yetu yatasemwa hapo hapo, kwa upole.

Shahrazadi alisimulia usiku ili asiuawe, na kwa usimulizi wake akawaokoa wasichana waliokuwa wakingoja zamu yao. Usiku wetu ni mfupi na miguu hutuuma. Hata hivyo, tukiiacha kazi hiyo yote kwa kioo cha televisheni, wanetu watakua wakijiona kwa jicho la mtu asiyewajua. Robo saa kabla ya kulala yatosha, hata kwa mama aliyetoka kazini akiwa hoi.

Nasi tuna tumaini. Amil Shivji alikichukua kitabu cha Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akakitengenezea filamu ya Kiswahili iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Labda siku moja kijana wa mwambao atamchukua Adili na manyani wake vivyo hivyo. Tungependa wanetu wawe watazamaji wanaokijua kitabu, wenye haki ya kusema palipoharibiwa na palipotengenezwa. Enyi akina mama mlioko Mombasa, Malindi na Lamu, tuelezeni nanyi mwasoma nini nyumbani; nasi inshallah tutawaeleza watoto walivyomhukumu Hasidi.

Wassalaam.