Alama ya Biolojia

Shangazi yangu aliingia kwenye uuguzi kwa barua ya ukurasa mmoja aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa miaka ya sabini. Akaitwa kwenye usaili, akaulizwa kama anaogopa damu, akasema haogopi, na baada ya muda akawa mwanafunzi wa uuguzi wa ngazi ya cheti. Ukunga alikwenda kuusomea baadaye, maana siku hizo kila ujuzi ulikuwa na mlango wake. Alistaafu akiwa bado anaiita hospitali kuu ya Nakuru PGH, jina la enzi za mikoa. Hata leo, miaka mingi baada ya huduma za afya kukabidhiwa kaunti mwaka 2013 na mabango kubadilishwa, ukimwambia mtu wa boda akupeleke PGH hatakuuliza ni wapi.

Mimi sikumfuata. Nilisomea biashara Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kisha nikaajiriwa na shirika moja la mikopo midogo mjini. Kazi yangu ilikuwa vikundi vya akina mama: Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, wakati mwingine hadi Bahati na Subukia. Mkutano kila wiki, kitabu cha kila mwanachama, saini, hela. Fomu ya waliochelewa kulipa ilikuwa na nafasi ndogo ya kuandika sababu, na sababu niliyoiandika mara nyingi kuliko zote haikuwa hasara ya biashara wala ujanja. Ilikuwa ugonjwa. Mtoto amelazwa, ana nimonia. Mume ana kisukari na kidonda cha mguu hakiponi. Binti amejifungua kwa upasuaji na bili imemeza mtaji wote wa mboga.

Mtu unayemdai hukuonyesha kila karatasi aliyo nayo, ili uamini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma kadi za kliniki na risiti za dawa, nimesimama mlangoni na daftari la mikopo kwapani. Nikaanza kuuliza maswali yasiyo ya mtu wa mikopo. Hizi dawa za presha, mama, unazimeza kila siku au ukijisikia vibaya tu? Wengi waliniambia wanameza wakijisikia vibaya. Niliwaeleza nilichokijua, ambacho kilikuwa kidogo, na nikirudi ofisini najaza fomu yangu. Miaka ilivyosonga, sehemu ya siku niliyoipenda ikawa ile isiyokuwa kazi yangu.

Nilipomwambia shangazi kwamba nataka kusomea uuguzi, nilikuwa nimeshapita miaka thelathini na nina mke na mtoto. Hakunicheka. Aliniuliza tu, “Kijana wangu, uko tayari kumwosha mtu mzima aliyejichafua?” Nikasema niko tayari. “Basi lete cheti chako cha fom foo tukitazame.”

“Lakini shangazi, nina digrii.”

“Digrii weka kando.”

Alijua anachosema. Kenya haina kozi fupi ya uuguzi kwa mtu aliyekwisha kuwa na shahada ya fani nyingine. Mwanafunzi wa uuguzi lazima asajiliwe na Baraza la Wauguzi, apewe nambari ya indeksi, na karatasi inayotazamwa pale ni matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Diploma inadai C ya jumla, C ya biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika kemia, fizikia au hesabu. Shahada inadai C+ ya jumla, na C+ hizo zijirudie kwenye biolojia, kemia, hesabu au fizikia, na lugha. Aliyepungukiwa huambiwa arudi kwenye mtihani huo kama mtahiniwa wa kibinafsi, awe na umri gani, awe amekuwa meneja wa nini.

Nilifanya KCSE mwaka 1999. Biolojia nilipata B, kemia C. Miaka yote ile sikuwahi kuifikiria kemia, na siku hiyo mezani kwa shangazi ndiyo iliyonifungia mlango wa shahada. Biolojia ikaniachia ule wa diploma.

Binamu yangu aliye Minnesota aliposikia alishangaa kweli. Marekani mtu mwenye shahada yoyote hurudi kusoma masomo ya msingi, anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, kisha humaliza shahada ya uuguzi kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianza utaratibu huo mwaka 1971. Yale huwachukua wenye shahada za fani nyingine na kuwafikisha moja kwa moja kwenye uzamili. Yeye mwenyewe alipitia njia ndefu ya Wakenya wengi huko: kwanza msaidizi wa wazee kwenye makao yao, zamu za usiku, kisha ngazi moja baada ya nyingine. Maoni yangu ni kwamba sisi tunakosea. Biolojia ni lazima, sibishi. Lakini kumpima mtu mwenye mvi kwa mtihani alioufanya akiwa kijana wa bweni, bila kumpa hata kozi moja ya kuziba pengo, ni kuwapoteza watu ambao wadi zinawahitaji.

Marafiki walisema nashuka ngazi, kutoka digrii kwenda diploma. Kwa hesabu za mtu wa mikopo haikuwa hasara. Diploma ni miaka mitatu na inakutoa na ujuzi wote pamoja: uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii, vile ambavyo shangazi alivisomea kimoja kimoja. Shahada ni miaka minne na mwaka wa mafunzo ya kazi juu yake. Mke wangu alipanua duka lake la nguo, nikauza pikipiki, na mwaka 2016 nikaketi darasani na vijana ambao nilipokuwa nafanya KCSE baadhi yao walikuwa hawajaanza kusema. Waliniita mzee. Anatomia walinishinda waziwazi.

Mwaka 2017 wauguzi wa nchi nzima waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Mwanafunzi wa uuguzi bila wadi iliyo wazi hana anachojifunza, na saa za mafunzo ya vitendo hazifidiwi kwa kusoma kitabu. Wachache wa darasa letu waliacha. Mimi nilikuwa nimeshauza pikipiki.

Kilichonibeba baadaye sikukitarajia. Kwenye kliniki ya kifua kikuu, mgonjwa hupewa dawa za miezi sita, na wengi huziacha wanapopata nafuu mwezi wa pili au wa tatu. Lazima mtu awafuate nyumbani. Kumbe aliyekimbia dawa hujificha kama aliyekimbia deni: simu imezimwa, mtoto anatumwa kusema baba amesafiri, jirani hajui lolote. Mitaa niliijua, wazee wa nyumba kumi walinijua. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, naulizia biashara kwanza, na dawa tunazifikia baada ya chai.

Nilihitimu 2019. Kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa nchini Machi 2020, serikali ikaajiri wahudumu wa afya kwa mikataba, nami nikapata nafasi. Baadhi ya wenzangu wa darasani sasa wako Uingereza, kupitia makubaliano ambayo nchi hizi mbili zilitia saini Julai 2021. Ajira hapa ni ngumu, na anayekuambia muuguzi hakosi kazi amekaa mbali na Kenya.

Barua za mkono zimekwisha. Maombi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, sasa hufanywa mtandaoni, na watu wazima huja kuniuliza: mwalimu wa nasari, karani wa shamba la maua Naivasha, dereva wa matatu ya Molo. Ninawaambia yaleyale. Kitafute cheti chako cha KCSE kabla hujaacha kazi, na usome alama ya biolojia na ile ya kemia. Kisha hakikisha chuo unachokitaka kimo kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza la Wauguzi, kwa sababu usipopata indeksi, karo uliyolipa haitakufikisha kwenye leseni. Usilipe hata shilingi moja kabla ya kuiona orodha hiyo kwa macho yako.