Lambo Lilikuwa Limekauka

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka mingi niliamini kuhukumu ni kazi ya aliyesomea sheria. Nilipoteuliwa kuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo huku kwetu Kilimatinde, mwaka 2009, nilijua nimeitwa kutimiza idadi tu.

Kesi iliyonibadilisha ilikuwa ya wizi wa mbuzi wanne. Shahidi, mtu mzima mwenye maneno yaliyonyooka, alisema alimwona kijana aliyeshtakiwa akiwanywesha mbuzi hao lamboni, mwishoni mwa Oktoba. Hakimu, mgeni kutoka mkoa mwingine, aliandika. Mimi moyoni nilikwisha kumtia kijana hatiani.

Mshauri mwenzangu, mama wa makamo, akaomba kuuliza. "Baba, siku hiyo maji yalikuwa yamefika wapi?" Shahidi akaonyesha magotini. Mama akamgeukia hakimu: "Mheshimiwa, mwezi ule tulikuwa tunafukua mchanga korongoni, tunachota kwa kata. Naomba aitwe mwenyekiti wa kitongoji." Akaitwa, naye akathibitisha kuwa lambo lilikauka Septemba. Kijana aliachiwa, sote watatu tukiwa na kauli moja.

Mimi nami naishi ukingo huu huu wa Bonde la Ufa, lakini sikuwahi kuchota maji kule korongoni.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Tanzania ya mwaka 1984 ilitupa washauri kura kamili: tukitofautiana na hakimu, wengi ndio washindi. Katika Mahakama Kuu haikuwa hivyo. Maoni ya washauri wa huko, yaani wazee wa baraza, hayakumfunga jaji, na tangu mabadiliko ya 2022 jaji ndiye anayeamua kama atakaa nao. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Baraza la raia kumi na wawili wanaotamka hatia wenyewe, kama la Uingereza, Tanganyika haikupewa. Katika Kenya ya kikoloni lilikuwepo, lakini kwa washtakiwa Wazungu tu. Hilo linaniuma.

Wanaotupinga wana hoja. Mshauri ana ndugu, ana visasi, na wapo wanaopokea bahasha. Nimekaa na mmoja aliyenyamaza kuhusu undugu wake na mlalamikaji mpaka siku ya hukumu. Hata hivyo, nisingependa mwanangu ahukumiwe na mtu mmoja asiyejua lambo letu hukauka lini.

Ndugu msomaji, ukiitwa kuwa mshauri, nenda. Kama mhusika ni ndugu yako, sema mapema utoke. Na shahidi akizungumza, muulize.