Kovu ambalo barua haikulitaja

Vijana wenzetu, wengi wetu tuliopita Nyarushishi hatukuhojiwa mmoja mmoja. Tulivuka na majirani zetu, tukapokelewa kwa kundi, basi. Mwenzetu mmoja hakupata bahati hiyo. Aliitwa peke yake, akaulizwa maswali, na mwaka 2023 akatuletea barua hapa Kamembe. Karatasi moja tu. Ombi lake la hifadhi limekataliwa kwa sababu halikutimiza masharti. Masharti gani? Tuliigeuza nyuma, hakuna kitu.

Tukamuuliza kama alisema yote. Akanyamaza, halafu akapandisha shati. Mgongo wake hatutauelezea hapa.

"Ndugu zangu, mtafsiri alikuwa binti wa jirani. Ningevua namna gani mbele ya dada?"

Sisi tunaojitolea tuliangalia chini. Baadhi yetu tumekaa kwenye kile kiti cha mtafsiri mara nyingi, na hata siku moja hatujauliza mtu kama angependa mwingine.

Novemba ile redio zilikuwa zinaongea Rwanda na Uingereza tu. Tarehe 15, majaji watano wa Mahakama ya Juu kule London walikubaliana wote kwamba mpango wa kuleta waomba hifadhi Rwanda si halali. Vijiweni watu walibishana kama nchi iliyotupokea imetukanwa. Sisi tulishikwa na jambo lingine. Majaji wale hawakukaa kuamua kama kila aliyeshtaki alisema kweli juu ya kwao. Waliuliza: mtu akikataliwa kimakosa, nani ataangalia tena kabla hajarudishwa alikokimbia? Na walitaja kwamba haki ya kupeleka rufaa Mahakama Kuu ya Rwanda iliwekwa na sheria ya 2018, ila ilikuwa bado haijajaribiwa. Miaka mitano mlango upo! Tungelaumu nani, na sisi wenyewe hatukujua kama upo?

Jaji anayepitia uamuzi anasoma faili. Uliulizwa vizuri? Sababu ziliandikwa? Ushahidi wako ulipimwa au uliwekwa pembeni? Kovu ambalo halimo kwenye faili, kwake ni kama halipo.

Tena kuna jambo ambalo wengi wanachanganya, hata wafanyakazi wa mashirika. Kukataliwa ukimbizi hakumalizi habari ya mateso. Mkataba wa kupinga mateso, ambao Rwanda iliuridhia 2008, unakataza kumrudisha mtu yeyote mahali ambapo kuna sababu nzito za kuamini atateswa. Haijalishi kama ana kadi ya mkimbizi au hana. Hayo ni maombi mawili, na mwenzetu alikuwa ameeleza moja tu, tena nusu.

Tulianza na barua fupi ya kuomba sababu kwa maandishi, tukabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. (Msiache karatasi ofisini bila nakala, tafadhali.) Siku za rufaa zilikuwa zinakwenda. Kwenye kituo cha afya tuliomba muuguzi mwanaume, daktari akapima na kuandika alichokiona. Jioni tukakaa naye kuandika maelezo upya, wanaume watatu na taa moja. Alipofika kwenye habari ya mgongo alituomba tuzime simu. Tukazima. Akaanza kuongea.